Kodi ya Ndege Ianzie Viti vya Mbele

Mama wa kijijini anayenunua nusu lita ya mafuta ya taa ili mtoto wake asome usiku hulipa kodi. Mwaka 2011 ushuru wa mafuta hayo uliongezwa hapa nchini ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli, na wananchi wakavumilia. Mwenye daladala naye hulipa kodi kila anapojaza tangi, na abiria wake huirudisha katika nauli. Lakini ndege kubwa inayojaza maelfu ya lita kwa safari ya kutoka nchi moja hadi nyingine, kwa kawaida haitozwi kodi yoyote ya mafuta. Na mafuta ya ndege ni ndugu wa damu wa mafuta ya taa.

Msamaha huu haukuanza jana. Mkataba wa usafiri wa anga uliotiwa saini mjini Chicago mwaka 1944 ulizuia nchi kutoza ushuru mafuta yaliyomo ndani ya ndege inapotua. Mapatano ya baadaye baina ya nchi na nchi yakapanua msamaha huo hadi mafuta yanayojazwa viwanjani. Wakati huo usafiri wa ndege ulikuwa mchanga na ulihitaji kulelewa. Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza, na hakuna aliyetuuliza. Leo mtoto yule amekuwa mtu mzima, lakini bado anabebwa mgongoni.

Ndiyo maana tunaona kwamba mjadala wa kuongeza kodi ya usafiri wa ndege, ili kupunguza hewa chafu inayoongeza joto duniani, unatuhusu na sisi. Ndege hutoa kiasi cha asilimia 2.5 ya hewa ya ukaa itokanayo na matumizi ya nishati duniani. Wako watakaosema kuwa hicho ni kidogo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulikadiria kuwa zaidi ya nusu ya hewa hiyo itokayo katika ndege za abiria husababishwa na watu wasiozidi asilimia 1 ya watu wote duniani.

Mkulima wa Rufiji hayumo katika asilimia hiyo. Hata hivyo, mvua za masika za mwaka 2024 zilipofurika, shamba lililokwenda na maji lilikuwa lake. Mwezi Aprili mwaka huo Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, aliliarifu Bunge kuwa watu 155 walikuwa wamepoteza maisha nchini kutokana na mvua hizo. Hatusemi kuwa kila tone lililetwa na ndege. Tunachosema ni kwamba joto likizidi, anga hubeba maji mengi zaidi, na anayechafua zaidi hana budi kuchangia zaidi.

Pamoja na hayo, kodi ya jumla inayomtoza kila abiria sawasawa hatuiungi mkono. Mgonjwa anayepelekwa Muhimbili kutoka Bukoba au Kigoma hakupanda ndege kwa anasa. Mtalii anayekuja kuona Serengeti hawezi kufika kwa basi kutoka Ulaya, na akiacha kuja, wa kwanza kulala njaa ni mpagazi wa Kilimanjaro na mpishi wa hoteli. Isitoshe, kodi ndogo haimshushi tajiri ndegeni. Humshusha mnyonge aliyejikusanyia nauli kwa miezi mingi.

Nchi za Afrika Magharibi zimeliona jambo hilo. Mwezi Desemba 2024 wakuu wa jumuiya yao, ECOWAS, waliamua kuondoa kodi za usafiri wa anga kuanzia Januari 2026, kwa kuwa tiketi ya kwenda nchi jirani ilikuwa imelemewa na tozo. Kwa upande mwingine, mwezi Juni 2025 mjini Sevilla, Kenya, Somalia, Benin na Sierra Leone ziliungana na Ufaransa, Hispania na Barbados kutaka viti vya daraja la juu na ndege za binafsi vitozwe zaidi. Kwetu sisi maamuzi hayo mawili hayapingani. La kwanza linamtua mzigo msafiri wa kawaida, na la pili linamtwika mwenye uwezo.

Kiti cha mbele huchukua nafasi ya viti kadhaa vya nyuma. Basi sehemu yake ya moshi ni kubwa vivyo hivyo. Uingereza, iliyoanza kodi yake mwaka 1994, hutoza zaidi viti hivyo na safari ndefu. Ni kweli kwamba kodi hiyo haikuzuia safari za ndege kuongezeka. Kwa hiyo fedha zinazopatikana zisipotee katika mfuko mkuu. Ufaransa ilipoanzisha mchango wake wa tiketi mwaka 2006, fedha zilisaidia kununua dawa za ukimwi, kifua kikuu na malaria kwa nchi maskini. Za sasa nazo zijenge matuta ya kuzuia mafuriko, na reli. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inakwenda Dar es Salaam hadi Dodoma. Penye treni kama hiyo, mwenye haraka ya kupanda ndege anaweza kulipa zaidi.

Tunashauri wajumbe wetu katika mikutano ya kimataifa wadai mambo mawili: msamaha wa mafuta ya ndege uliozaliwa mwaka 1944 ufikiriwe upya, na kodi yoyote mpya ianzie ndege za binafsi na daraja la kwanza. Wahenga walisema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, kwa kuwa ndiye mwenye mabega. Ndani ya ndege, mwenye mabega ni yule anayeketi mbele.