Alishinda, lakini alicheza vibaya

Jamani, kuna hoja moja imenichosha kabisa: "Si alishinda?"

Nimeisikia tena Jumamosi tukicheza poka. Jamaa ana kopa mbili mkononi, na kati ya karata nne zilizofunuliwa mezani mbili ni kopa. Imebaki karata moja tu. Katikati kuna shilingi 1,000 pamoja na 500 za mwisho ambazo mpinzani ameweka. Jamaa akalipa 500 bila kufikiri, kopa ikatoka, akazoa zote. Nikamwambia amekosea. Meza nzima ikanicheka.

Haya, tupige hesabu. Kopa ziko 13, anaziona 4, zimebaki 9 kati ya karata 46 asizozijua. Tuseme ni kopa tu ingemwokoa, na ikitoka anashinda bila shaka. Akilipa hivyo mara 46, kwa wastani atapata 1,500 mara 9, yaani 13,500, na atapoteza 500 mara 37, yaani 18,500. Hasara ni 5,000. Hiyo ndiyo hasara mliyokuwa mkiipigia makofi!

Halafu kuna wale wa "poka ni kumsoma mtu usoni". Januari 2017, mjini Pittsburgh, programu ya Libratus ya Tuomas Sandholm na Noam Brown wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon ilipambana na wachezaji wanne wa kulipwa kwa siku 20. Ilimaliza ikiwa mbele kwa zaidi ya dola milioni 1.7 za kuhesabia alama. Ilisoma uso wa nani? Kila usiku ilitafuta mianya ambayo binadamu walikuwa wameigundua katika mchezo wake, ikaiziba. Na karata ziligawiwa mara 120,000, tena alizopata binadamu mmoja dhidi ya mashine, mashine ilizipata dhidi ya mwenzake. Kwa nini wajisumbue hivyo? Kwa sababu walijua mkono mmoja hausemi lolote kuhusu nani anacheza vizuri.

Wala si shilingi za Jumamosi zinazoniuma. Mahali fulani nilipofanya kazi, mwenzetu mmoja alipandisha mabadiliko kwenye seva Ijumaa jioni, bila majaribio, bila nakala ya hifadhidata. Yakakubali. Akasifiwa mbele ya watu. Mwezi uliofuata mimi nikakataa kufanya vivyo hivyo, nikaitwa mwoga, na nilipouliza tungefanya nini data ikipotea, nikajibiwa: "Si mara ile ilikubali?" Hapo unamjibu nini bosi? Hakuna aliyeuliza ingekuwaje mara 46.

Yule jamaa wa kopa amenitumia ujumbe kwamba Jumamosi ijayo tunachezea kwake. Nitafika mapema.