Kigoma: Mama amefika kituoni, sasa kazi ni ya dakika ya kwanza ya mtoto

Mjamzito wa Kata ya Rusimbi, katika Manispaa ya Kigoma Ujiji, hana safari ndefu kufika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Maweni. Mwenzake wa vijiji vya mwambao wa kusini wa Ziwa Tanganyika, wilayani Uvinza, hutegemea boti, na ziwa likichafuka hungoja. Kwa miaka mingi mjadala wa vifo vya uzazi mkoani humo ulihusu umbali. Takwimu zinaonesha kuwa umbali ni sehemu tu ya tatizo.

Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulibaini kuwa vifo vinavyotokana na uzazi nchini vilishuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 mwaka 2015/16. Wanaojifungulia vituoni waliongezeka kutoka asilimia 63 hadi 81. Hata hivyo, vifo vya watoto wenye umri wa chini ya siku 28 vilitoka 25 kwa kila vizazi hai 1,000 na kuishia 24. Mama amefika kituoni na mara nyingi anaokolewa; mtoto wake hajafaidika kwa kiwango hicho.

Kigoma inao ushahidi wake kwamba huduma hubadilika. Kuanzia mwaka 2006 Serikali na wadau waliboresha vituo vya afya vya vijijini ili upasuaji wa kumtoa mtoto ufanyike huko huko. Kati ya mwaka 2013 na 2018, vifo vya wazazi vituoni mkoani humo vilishuka kutoka 303 hadi 174 kwa kila vizazi hai 100,000.

Kwa mtoto mchanga, muda wa kuokoa ni mfupi zaidi. Asiyepumua anapozaliwa anatakiwa kukaushwa, kusisimuliwa na, ikibidi, kusaidiwa hewa kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika moja. Vifaa hivyo si vya bei kubwa; kinachokosekana ni wepesi wa mikono. Mpango wa Uzazi Salama, uliotekelezwa katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Shinyanga, Mwanza, na pia Tabora na Geita zinazopakana na Kigoma, uliwawezesha wakunga kufanya mazoezi mafupi ya mara kwa mara kwa kutumia midoli, mahali pao pa kazi, badala ya kungoja semina ya mjini. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionesha vifo vya watoto katika saa 24 za kwanza kupungua kwa takriban asilimia 40.

Kwa watoto wenye uzito mdogo, utafiti wa nchi tano, Tanzania ikiwemo, ulionesha mwaka 2021 kuwa kumweka mtoto kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, mara baada ya kuzaliwa hupunguza vifo kwa robo. Hapa gharama kubwa ni nafasi: kitanda cha mama ndani ya wodi ya mtoto.

Mwananchi anayehitaji usafiri wa dharura kwa mjamzito, mzazi au mtoto mchanga hupiga 115 bila malipo. Kipimo cha huduma atakayoikuta ni kama mazoezi yale yanaendelea hata baada ya mkunga aliyefundishwa kuhamishiwa kituo kingine.