Kanuni za wataalamu wa mifugo zipite Tunduma kabla ya kusainiwa Dodoma

Ng'ombe akianguka Kamsamba, kwenye bonde la Ziwa Rukwa wilayani Momba, anayeitwa ni afisa mifugo wa kata. Anakuja na pikipiki, begani kibegi chenye kipimajoto, bomba la sindano na chupa ya antibayotiki ya OTC. Amesomea astashahada au stashahada, pengine katika chuo cha Wakala wa Mafunzo ya Mifugo (LITA). Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, Sura ya 319, huyo ni mtaalamu msaidizi: anaandikishwa na Baraza la Veterinari Tanzania na anatakiwa kufanya kazi chini ya usimamizi wa daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Mara nyingi daktari huyo yuko makao makuu ya halmashauri, na barabara ya kumfikia, masika yakianza, ni tope.

Usimamizi wa aina gani, basi? Simu inatosha? Nani anaandika kumbukumbu ya tiba, na nani anawajibika mnyama akifa?

Majibu ya maswali kama hayo hukaa kwenye kanuni, na kanuni zina njia yake. Sheria mama hupitishwa na Bunge. Kanuni hutungwa na Waziri kwa mamlaka aliyopewa na sheria hiyo: wizara na Baraza huandaa rasimu, wanasheria wa Serikali huipitia, Waziri husaini, kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kamati ya Bunge ya Sheria Ndogo huzichambua zikiwa zimeshatangazwa. Kwa hiyo afisa wa Kamsamba akitaka kusikika, wakati wake ni ule wa rasimu. Waziri akishasaini, anachoweza kufanya ni kulalamika tu.

Na sheria hizi hazibadilishwi kila siku. Ile ya 2003 ilichukua nafasi ya sheria iliyorithiwa kutoka enzi za ukoloni, ikaandikwa kwa Kiingereza. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya sheria nchini, hivyo hakuna tena sababu ya rasimu ya kanuni kumfikia afisa wa kata katika lugha nyingine.

Kwa nini rasimu ipite Tunduma, mji wa mpakani mkoani Songwe? Kwa sababu magonjwa hayasubiri Gazeti la Serikali. Mwishoni mwa 2010 na mwaka 2011 homa ya nguruwe ya Afrika ilizuka Kyela, jirani na Karonga nchini Malawi, kisha ikasambaa hadi Dar es Salaam. Haina tiba, na wafugaji wa Mbozi wanajua maana ya kupoteza banda zima. Hapo Tunduma, ng'ambo ya mpaka ni Nakonde, ambako wataalamu wanafuata sheria ya veterinari ya Zambia ya mwaka 2010. Sheria hiyo inawataja wataalamu wasaidizi hata katika jina lake, sawa na ile ya Kenya ya mwaka 2011. Mtaalamu wa Tunduma anahudumia mifugo ya soko moja na mwenzake wa Nakonde. Ana mengi ya kuwaeleza waandishi wa kanuni.

Madaktari wengi wanahofia kwamba kumpa msaidizi nafasi zaidi ni kuwafungulia mlango vishoka. Hofu hiyo ina msingi. Antibayotiki ikichomwa ovyo, mabaki yake huishia kwenye maziwa na nyama, na vimelea huzoea dawa. Lakini kanuni isiyotekelezeka haimzuii kishoka. Humwacha mtaalamu mwaminifu akivunja sheria kila anapookoa mnyama.

Kwa hiyo, rasimu ya kanuni hizi inapoandaliwa, Baraza liipeleke Songwe. Likae na maafisa wa kata, wauza dawa za mifugo na wafugaji wa nguruwe, liwape muda wa kutosha kusoma, kisha litangaze ni maoni gani yamekubaliwa, yapi yamekataliwa na kwa nini. Rasimu iorodheshe tiba ambazo msaidizi anaruhusiwa kutoa peke yake, na zile ambazo lazima kwanza ampigie daktari.