Boti ya Uani

Nusura wiki hii ukurasa huu ubaki mweupe. Sikilizeni kisa chenyewe.

Mimi na binamu yangu tulijipa ufundi wa boti. Chanzo ni Waingereza. Mwaka 1963 gazeti la Daily Mirror la kule London lilileta kiboti cha tanga kiitwacho Mirror. Waliokibuni ni Jack Holt, mtu wa boti, na Barry Bucknell, jamaa aliyekuwa akifundisha kwenye televisheni namna ya kujitengenezea mambo nyumbani. Ulikuwa unauziwa vipande vya plaiwudi vilivyokwisha kukatwa, kwa pauni 63 na shilingi 11. Unatoboa matundu kandokando, unavishona kwa waya wa shaba kama shati, halafu unaziba maungio kwa utepe wa faiba na gundi yake. Urefu mita 3.3, uani kinaenea! Vimekwisha tengenezwa zaidi ya 70,000, na tanga lake ni jekundu, rangi ya gazeti. (Mhariri wangu, unasoma lakini?)

Basi na sisi tukaingia kazini. Kosa letu likawa ubahili. Tukanunua plaiwudi ya dari, nyembamba, na gundi nyeupe ya makabati. Wiki tatu nzima mama anapika huku akiruka mbao. Siku ya uzinduzi pale Kunduchi watoto wakatushangilia, tukajiona wanaume.

Lo! Hatujafika mbali, sakafu ikavimba, ikaachana kurasa kurasa kama daftari lililonyeshewa. Binamu hajui kuogelea. Akanikaba shingo, na mimi mwenyewe kuogelea kwangu ni kwa kubahatisha. Nilikunywa maji ya chumvi mpaka nikaanza kuaga kimoyomoyo. Bahati, ngalawa moja ilikuwa inarudi. Mzee mwenye nayo akatuzoa kama dagaa.

"Shikamoo mzee," nikasema, meno yanagongana. Hakuitikia mara moja. Aliangalia mbao zetu zinavyoelea, akauliza: "Wanangu, ile ya kuwaokoa mliweka wapi?"

Sikuelewa mpaka aliponionyesha matengo, zile mbao mbili pembeni mwa ngalawa zinazoizuia isipinduke. Mirror nayo ina vyumba vya hewa vilivyozibwa, hata ikijaa maji inaelea. Waingereza kwa plaiwudi yao, mzee kwa gogo lake la mwembe, wote waliifikiria siku ya balaa kabla haijafika. Sisi tuliifikiria rangi ya tanga.

Kwa hiyo wewe unayetaka kujaribu, jaribu, raha yake ipo. Ila kwanza kata kipande cha plaiwudi ukichemshe saa nzima. Kikiachana, hicho ni cha dari, kirudishe dukani. Gundi iwe isiyoogopa maji. Weka vyumba vya hewa, vaa jaketi la kuokolea, na anzia maji ya magotini. Sufuria azima kwa jirani, usithubutu kugusa ya mama.

Sisi tunaanza upya, safari hii mzee ndiye msimamizi. Amekataa kugusa hata msumeno mpaka binamu ajue kuogelea. Kila jioni yuko majini anatapatapa, na mimi nipo pembeni yake, sibanduki.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.