Usalama wa Shule na Ajira ya Bawabu

Jua likishatua katika soko la Ogwedhi, kaunti ya Migori, mabawabu huelekea kazini: huyu ana rungu, yule ana kurunzi, koti zito limetundikwa begani. Baadhi yao hulinda maduka, wengine malango ya shule. Huingia saa kumi na mbili jioni, wakatoka saa kumi na mbili asubuhi. Sisi wengine hulala usingizi wa pono kwa kuwa wao wako macho. Lakini ni nani kati yetu, walimu na wanafunzi, amewahi kuuliza watu hawa wameajiriwa kwa masharti gani?

Naliuliza swali hili kwa ajili ya usalama wenyewe, wala siombi huruma. Wakuu wa makampuni na taasisi wamezoea kuuona ulinzi kuwa jambo la ua, kufuli na king'ora, huku masuala ya wafanyakazi yakiachiwa ofisi nyingine kabisa. Kumbe mlinzi ndiye anayekutana na adui kwanza, na uwezo wake wa kutenda huamuliwa na jinsi alivyoajiriwa, alivyofunzwa na alivyopewa zana.

Tukumbuke Agosti 7, 1998, katika ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Walinzi wa lango la nyuma, Wakenya wa kampuni ya kibinafsi, walikataa kulifungulia lori lililobeba bomu. Hawakuwa na silaha. Walijaribu kuwaita wenzao walio ndani kwa redio na simu, wasipate. Wengi waliokuwa maofisini waliposikia mshindo wa kwanza walikimbilia madirishani kutazama, na hapo ndipo mlipuko ulipowakuta. Waliouawa jijini siku hiyo walizidi 200. Ushujaa wa walinzi haukukosekana langoni. Kilichokosekana ni njia ya kuupeleka ujumbe wao ndani.

Aprili 2, 2015, katika Chuo Kikuu cha Garissa, washambulizi waliwaua kwanza walinzi wa lango wasiokuwa na bunduki, kisha wakaingia mabwenini. Watu 148 walipoteza maisha, wengi wao wanafunzi.

Turudi Ogwedhi. Kanuni za jumla za mishahara nchini zinaweka saa 52 za kazi kwa wiki, na 60 kwa afanyaye kazi usiku. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inampa kila mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Sasa mwanafunzi wa Gredi ya Saba na apige hesabu: saa 12 kwa usiku, mara usiku saba, ni saa 84. Shule yenye bawabu mmoja tu wa usiku basi inavunja sheria kila wiki, tena inamtegemea mtu aliyechoka. Katika orodha ya kima cha chini cha mishahara, mlinzi wa mchana amewekwa kundi moja na mfagizi, mtunza bustani na yaya. Sizidharau kazi hizo hata kidogo, ila orodha hiyo yaonyesha jinsi tunavyoithamini kazi ya kulinda roho za watu.

Hapa walimu wanafaa kujitazama. Mwalimu aliyeajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu ana nambari yake ya kazi, chama cha kumtetea na mshahara mwisho wa mwezi. Bawabu wa shule hiyo hiyo huajiriwa na bodi ya usimamizi, na hulipwa kutokana na fedha ambazo serikali au wazazi huzichelewesha. Fedha zikikawia, yeye ndiye husubiri. Mtu asiyelipwa kwa miezi miwili atafute kibarua mchana, kisha usiku aje kukesha?

Bunge lilipitisha Sheria ya Udhibiti wa Ulinzi wa Kibinafsi mwaka 2016, nayo yadai walinzi wafunzwe na kusajiliwa. Mapema mwaka 2024 mamlaka husika iliagiza walinzi wa Nairobi wasilipwe chini ya shilingi 30,000 kwa mwezi. Waajiri wakapinga na shauri likafika mahakamani. Kampuni ya ulinzi hulipwa na mteja, kisha ikampunguzia mlinzi. Mteja naye hunawa mikono, adai kwamba huyo si mwajiriwa wake. Shule inayofikiria kukodi kampuni iulize kwanza ni kiasi gani kitakachomfikia mlinzi mwenyewe.

Nasi hatuwezi kusahau Kyanguli, Machakos, Machi 2001, ambako wavulana 67 waliteketea katika bweni lenye vyuma madirishani na mlango mmoja uliofungwa. Bodi za shule za Ogwedhi zitakapokutana muhula ujao, zipige hesabu hiyo ya saa 84, kisha zimwite bawabu mwenyewe mkutanoni. Aulizwe ni nani hukaa na funguo za bweni saa nane za usiku, na kama amepewa nambari ya simu ya kituo cha polisi.