Kazi ya tabianchi ipo Kayanga, sio Geneva tu

Nimepotea kidogo, si mnajua tena mambo ya UE na bumu kukata.

Juzi baada ya semina tulibaki kijiweni, kila mtu anataja anakotaka kufika na digrii hii ya mazingira. Mmoja UNEP Nairobi, mwingine Geneva, mwingine anataka tu beji ya kuingilia mikutano ya COP. Mimi nikasema halmashauri ya Karagwe, pale Kayanga. Walicheka mpaka basi.

Sasa mnacheka nini? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka kila halmashauri iwe na ofisa mazingira. Na yale waliyokubaliana wakubwa Paris 2015 yanaishia wapi kama si kwenye kibanja cha Mnyambo, chenye migomba, kahawa na maharage?

Chukueni mfano wa kwetu. Kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, shirika la Kiswidi la Vi Agroforestry lilishaanzisha mradi wa Emiti Nibwo Bulora, yaani miti ndiyo uhai. Mkulima anapanda miti mpakani, katikati ya mazao au kwenye kishamba chake peke yake. Hewa ukaa inayonyonywa inahesabiwa na kugeuzwa vyeti vya Plan Vivo, cheti kimoja tani 1. Mtu wa Ulaya ananunua, mkulima analipwa kwa awamu kadiri miti inavyokaguliwa.

Kwenye karatasi safi kabisa. Haya, kaa na bibi yako umweleze hayo kwa Kinyambo! Ameuza hewa au ameuza mti? Akikata grevilea moja apate ada ya mjukuu, amevunja mkataba? Kivuli kikiangukia migomba ya jirani je? Na mwanawe akirithi kibanja, amerithi na mkataba? Maswali haya hayamalizwi na mshauri anayekuja na gari siku mbili akaondoka.

Tena ndio kwanza mambo yanaanza. Mwaka 2022 serikali ilitoa kanuni za biashara ya kaboni, na kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kiko hapahapa kwetu SUA. Madalali watafika vijijini, hilo halina ubishi. Upande wa pili wa meza atakaa nani? Kijiji hakina mwanasheria. Kina mwenyekiti, mtendaji na mhuri.

Sisemi msiende Geneva, nako tunataka watu wetu wa kubishana. Ila anayebishana kule bila kujua mkataba wa kijijini unasemaje, anabisha nini hasa? (Mshahara wa halmashauri naujua, msianze.)

Semesta ijayo nataka kuingia darasa la sheria ya mikataba, ingawa halimo kwenye fani yetu. Anayetaka tupige msuli pamoja anitafute kabla ya usajili.