Vita vya babu havijaisha (Sehemu ya 6)

Mama zangu wa Puge na wote mnaonifuatilia, leo siongelei chanjo. Naongelea babu anayepiga kelele usiku.

Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera. Novemba 2 Mwalimu Nyerere akalitangazia taifa kwamba tunapigana. Vijana wakaondoka, wanajeshi na mgambo, wengine ndio kwanza wameoa. Aprili 11, 1979 Kampala ikaanguka. Mashujaa waliokufa, wengi wamelala Kaboya kule Muleba, na kila Julai 25 tunawakumbuka. Sawa kabisa. Je, aliyerudi hai tunamkumbuka lini?

Kijana wa miaka 20 wakati ule sasa ni mzee. Mikono ipo, miguu ipo, tunasema alirudi mzima. Kumbe halali. Mlango ukijibamiza anaruka. Anajitenga, wengine pombe ndiyo inawalaza. Ukoo unasema karogwa, wajukuu wanamcheka.

Mimi nasema hapana. Akili nayo hujeruhiwa, na jeraha lake halionekani kwenye eksirei. Lina matibabu: mazungumzo na mtaalamu, na dawa ikibidi. Mpelekeni hospitali, msizunguke kwanza kwa waganga mkauza ng'ombe bure.

Nyumbani msimlazimishe kusimulia. Akianza mwenyewe, zima redio, kaa naye umsikilize. Na mwanao mwambie mapema: babu si kichaa, babu alitumwa na nchi akiwa kijana.